Inuka, Siku Zinahesabika

Ajira imekwisha Ijumaa. Jumatatu, hapo Chaani, Mombasa, umeshika simu, umeandika paswadi ile ile ya siku zote, imekataa. Umeandika tena. Imekataa tena. Namba za wateja, barua za miaka na miaka, majina ya watu uliohangaika nao jua kali na mvua ya masika, vyote vimo ndani ya imeli ya kazi. Wewe uko nje.

Na sasa umekaa barazani unalaumu.

Mpaka lini?

Wewe si ndiye uliyekuwa ukikesha ukingoja hati za mzigo ili kontena litoke Kilindini kabla gharama hazijapanda? Wewe si ndiye wateja walikuwa wakikupigia saa tano za usiku, kwa sababu walijua utapokea? Huyo mtu amekwenda wapi? Waliyoifunga ni imeli. Nani amekufunga wewe?

Nyanyuka. Muda wako ni mfupi kuliko unavyodhani.

Makampuni mengi imeli zao ziko kwa Google au kwa Microsoft. Akaunti ya mfanyakazi ikifutwa kwa Google, msimamizi wa mitambo ana siku 20 za kuirudisha. Kwa Microsoft ana siku 30. Zikipita, kama ofisi haikuweka nakala pengine, hata mkurugenzi akikuonea huruma hana la kukusaidia. Umepanda feri ya Likoni maisha yako yote, unajua: ikishanyanyua mlango, hairudi kwa sababu umechelewa. Na huenda akaunti yako haijafutwa, imesimamishwa tu, na kila kitu kimo. Utajuaje nawe umekaa?

Andika barua leo.

Leo, si wiki ijayo. Iwe fupi, iwe na adabu. Mpelekee mkuu wa wafanyakazi, na nakala kwa msimamizi wa mitambo. Usidai sanduku zima. Mikataba na bei za wateja ni mali ya kampuni, likubali hilo mapema upunguze uchungu. Dai kilicho chako: karatasi zako za mshahara, P9 ya KRA, vyeti ulivyojitumia, barua zako za nyumbani. Waombe pia kila anayekuandikia kwenye imeli ile ajibiwe kwamba umeondoka, asidhani umemdharau.

Utaniambia, "Hawatanisikiliza." Umejaribu?

Cheti cha utumishi si hisani. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri akupe, ila kama ulifanya kazi chini ya majuma manne. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako binafsi anazozishikilia. Akinyamaza, iko Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, na sheria inaipa siku 90 kuchunguza na kumaliza lalamiko lako. Mpaka uwe umeandika, umepeleka na umengoja jibu, usiniambie huna nguvu.

Na yule kijana anayekwambia atakufungulia kwa mlango wa nyuma ukimpa kitu kidogo, mkimbie. Kuingia kwenye mtambo bila ruhusa ni kosa la jinai chini ya sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018. Umepoteza imeli, usipoteze na jina.

Sasa shika simu yako.

Unalia umepoteza watu, na watu umewashika mkononi! Fungua WhatsApp, teremka chini kabisa, kwenye mazungumzo ya zamani. Jina limepotea, namba ipo. Fungua ujumbe wa M-Pesa uliohifadhi tangu zamani: jina hilo, namba hiyo. Ingia kwenye magrupu ya harusi, ya chama, ya msikiti, ya kanisa, ya mpira. Kanunue daftari, chora mistari mitatu: jina, namba, kazi mliyofanya pamoja. Usiwaze umekumbuka wangapi. Andika wa kwanza, wa pili atakuja.

Kisha vaa viatu utoke.

Hapa ndipo wengi hushindwa, na hapa ndipo ninapokuamini zaidi. Mtu wa Nairobi akipoteza namba, mteja wake yuko kaunti nyingine. Wako yuko wapi? Dereva wa trela yuko Jomvu anangoja zamu. Karani wa bohari ya makontena (CFS) anakula mahamri na mbaazi pale Changamwe saa nne. Mwenye duka la vipuri yuko Kisauni, hajahama. Mama uliyemtolea mitumba yake bandarini anashuka feri jioni upande wa Likoni na mifuko yake. Simama mbele yake. "Shikamoo mama, nimetoka kule ofisini, namba yangu ndiyo hii." Maneno kumi hayafiki! Yanakushinda kwa nini? Haya? Haya ya nini, na kazi ulimfanyia vizuri?

Kumbuka Agosti 2019. Amri ilitoka makontena yapande reli ya SGR yakatolewe Nairobi. Bohari za Changamwe na Miritini zikapunguza watu, mji ukaandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Wengi walidhani ndiyo basi. Tarehe 13 Septemba 2022, siku aliyoapishwa kuwa Rais, William Ruto akatangaza utoaji wa mizigo urudi Mombasa. Siku ile mwenye mzigo angempigia nani? Aliyefunga daftari mwaka 2019 na kulala, au aliyekuwa bado anatuma salamu za Idi na Krismasi?

Kazi huondoka, kazi hurudi. Wewe utakuwa unapatikana?

Basi jenga chako usiku huu. Fungua imeli kwa jina lako mwenyewe, si la kampuni, si ile uliyofunguliwa na kijana wa saiba pale Mlaleo, ambaye paswadi anayo yeye. Weka namba yako ya kuirudisha, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Washa ulinzi wa hatua mbili. Ikiwa unayo ya zamani iliyolala, iingie leo, kwa maana Google hufuta akaunti binafsi isiyoguswa miaka miwili. Kisha hamisha iTax, eCitizen, benki, NSSF, kila mahali ulipoandika ile ya ofisi. Siku ya kuwasilisha ritani za kodi isikukute unabembeleza mlinzi wa kampuni ya zamani akupishe uingie.

Umechoka? Najua umechoka. Una kodi ya nyumba na karo za watoto. Ndiyo maana nakupigia kelele! Miaka yote ulimfanyia tajiri kazi kwa bidii ile, ukabeba majina mia kichwani, ukapatanisha watu waliogombana juu ya mzigo mmoja. Uwezo huo haukuwa wa ofisi. Ulikuja nao asubuhi, ukaondoka nao jioni.

Daftari lipo. Kalamu ipo. Dereva wa Jomvu simu yake imewashwa.

Mpigie.