Uwepo wa Mtu Anayeweza Kuondoka

Je, kuwepo mahali ni tendo lenye thamani ya kimaadili, hata pale ambapo aliyepo hafanyi kubwa zaidi ya kula na wenyeji, kuwaamkia wazee na kulala chini ya paa la ukoo wake? Swali hili huulizwa kila kiangazi katika vijiji vya Wapalestina vilivyo kwenye milima ya kaskazini na mashariki ya Ramallah, kwenye Ukingo wa Magharibi. Vijiji kama Turmus Ayya, Sinjil na Deir Dibwan vimepeleka wahamiaji Marekani kwa vizazi kadhaa, na shule za huko zinapofungwa mwezi Juni, familia nyingi hurejea kufungua nyumba ambazo kwa sehemu kubwa ya mwaka hukaa zimefungwa, kuozesha vijana wao, na kuwaonyesha watoto waliozaliwa ughaibuni lilipo shamba la babu. Mwanafunzi wa chuo anayekuja kwa njia hiyo wakati wa mapambano huambiwa kwamba kuja kwake ni sumud, yaani ule uthabiti wa kubaki juu ya ardhi bila kukubali kung'olewa, ambao Wapalestina wameufanya kuwa fadhila ya taifa zima. Hata hivyo tarehe ya safari yake ya kurudi, mwezi Agosti, inajulikana kabla hajawasili, na hapo ndipo ugumu unapoanzia.

Kwamba uwepo mtupu unaweza kuhesabiwa kuwa tendo si ndoto ya washairi, kwa kuwa sheria yenyewe imeufanya hivyo. Sheria ya Ardhi ya Dola ya Uthmaniya ya mwaka 1858 ilitambua aina ya ardhi iitwayo miri, ambayo asili yake ilikuwa mali ya dola, ilhali mkulima alikuwa na haki ya kuitumia na kuirithisha. Na ardhi hiyo ikiachwa bila kulimwa kwa miaka 3 mfululizo pasipo udhuru, haki hiyo iliweza kumtoka mkulima na kurudi kwa dola. Israeli, ambayo imeukalia Ukingo wa Magharibi tangu 1967, iliitegemea sheria hiyohiyo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 kutangaza maeneo makubwa kuwa ardhi ya serikali, na juu ya sehemu ya maeneo hayo yakajengwa makazi ya walowezi. Ndani ya Israeli, Sheria ya Mali za Wasiokuwepo ya mwaka 1950 ilikabidhi kwa msimamizi wa serikali mali za Wapalestina waliokuwa wameyaacha makwao wakati wa vita vya 1948, wakiwemo hata wale ambao hawakuvuka mpaka bali walihamia kijiji cha jirani, watu ambao wamejulikana tangu hapo kwa jina la kustaajabisha la wasiokuwepo waliopo. Tena katika sensa iliyofanywa na jeshi baada ya vita vya Juni 1967, aliyekuwa nje kwa masomo au kazi hakuandikwa katika daftari la wakazi, akapoteza haki ya kuishi alikozaliwa. Mahali ambapo kutokuwepo kumekuwa sababu ya kunyang'anywa kwa njia hizi, ni haki kabisa kuwepo kuhesabiwe kuwa utetezi, na anayedhani kwamba wanakijiji hutia chumvi wanapoisifu ziara ya mjukuu hajazisoma sheria hizo.

Ukitazamwa kwa karibu, utetezi huo ni kazi ya mikono. Miteremko ya milima hiyo imekatwa matuta yanayoshikiliwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na jiwe likianguka lisiporudishwa, mvua za majira ya baridi huupitisha udongo katika pengo hilo mpaka mizizi ya mzeituni inabaki wazi. Kiangazi ndio wakati wa kuyarudisha mawe na kuondoa majani makavu chini ya miti ili moto usipate njia, na kijana aliyetoka Chicago anaweza kuifanya kazi hii vizuri chini ya uangalizi wa ami yake. Lakini zeituni huvunwa Oktoba na Novemba, wakati yeye amekwisha kurudi darasani, na msimu wa mavuno ndio ambao kwa miaka mingi umekuwa na mashambulizi mengi ya walowezi, na ndio ambao wakulima wenye miti karibu na makazi hayo hulazimika kusubiri kibali cha jeshi ili waingie katika mashamba yao wenyewe. Mwenyeji huulipia uthabiti wake mwaka mzima, kwa saa anazozipoteza kwenye vizuizi vya barabarani, kwa lango la chuma linaloweza kufungwa na kukiacha kijiji bila njia ya gari, na kwa maji ya zamu ambayo sharti yahifadhiwe katika matangi juu ya paa. Mgeni wa kiangazi huonja sehemu tu ya gharama hizo, na ni dhuluma ndogo, lakini dhuluma halisi, kuuita msimu wake kwa jina lilelile.

Fikra za Kiislamu zimelichunguza suala la kubaki na kuondoka kwa uzito mkubwa. Sura ya An-Nisaa inawalaumu wale waliokaa chini ya dhuluma ilhali ardhi ya Mungu ilikuwa na nafasi ya kuhamia, kisha inawaondolea lawama wanyonge wasio na njia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanachuoni wa hadithi Nasir al-Din al-Albani, aliyeishi Amman, alitegemea kanuni hiyo ya hijra kuwataka Wapalestina wasioweza kuisimamisha dini yao chini ya ukaliaji wahame, na fatwa hiyo ilizua ghadhabu kubwa. Walioipinga walikuwa na hoja ya zamani ya kuegemea, kwa kuwa al-Mawardi, fakihi wa karne ya 11 wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, alishikilia kwamba anayeweza kuidhihirisha dini yake katika nchi isiyo ya Kiislamu ni bora abaki kuliko kuhama. Kuhusu anayezuru tu, mjadala ni mpya zaidi: mwaka 2012 mwanachuoni Yusuf al-Qaradawi aliwakataza Waislamu wasio Wapalestina kwenda Jerusalem chini ya ukaliaji, kwa hofu ya kuuhalalisha, ilhali rais wa Wapalestina Mahmoud Abbas alishikilia kwamba anayemtembelea mfungwa hajapatana na mlinzi wa gereza. Mwanafunzi mwenye pasipoti ya Marekani yuko katikati ya hukumu hizi, kwa maana kwa nasaba ni Mpalestina, na kwa karatasi ni mtalii ambaye kwa kawaida hupewa muda usiozidi miezi 3.

Nasaba hiyo yenyewe inahitaji kupimwa, na hapa ndipo fikra ya uaminifu inapolazimika kwenda taratibu. Mkabala na Turmus Ayya kuna makazi ya walowezi yaitwayo Shilo, yaliyoanzishwa mwaka 1978 na kupewa jina la mji ambao Kitabu cha Yoshua kinausimulia kuwa mahali pa hema ya kukutania. Kijana wa Kiyahudi aliyezaliwa New York anaweza kufika hapo kwa Sheria ya Kurejea ya mwaka 1950, akapewa uraia, na akasema kwa moyo safi kwamba amerudi kwa mababu. Na kijana wa Kipalestina aliyezaliwa mji huohuo atasema maneno hayohayo ng'ambo ya pili ya bonde. Kama nasaba peke yake ingetosha, tofauti ya wawili hawa ingebaki kuwa ya nani ametangulia, na kesi ya namna hiyo haina hakimu.

Mwanafalsafa Simone Weil, Mfaransa wa ukoo wa Kiyahudi aliyeandika kitabu chake juu ya mizizi akiwa London mwaka 1943, anatoa kipimo kilicho bora zaidi, kwani kwake mizizi ni kushiriki kwa kweli na kwa vitendo katika maisha ya jamii iliyo hai, inayohifadhi yaliyopita na kuyangojea yajayo, na alionya kwamba aliyeng'olewa huwa mwepesi wa kuwang'oa wengine. Kwa kipimo hicho, wa kuangaliwa ni walio hai kabla ya wafu. Mjukuu anayefika Turmus Ayya anakuta watu wanaomuuliza yeye ni mtoto wa nani na wanaolijua jibu, anakuta madeni, harusi na magomvi ya mipaka ambayo yeye tayari ni sehemu yake, na kuja kwake hakumtoi mtu yeyote katika shamba wala nyumba. Makazi juu ya kilima, hata yakijengwa kwa ibada ya kweli, hayawezi kusema hivyo. Mapenzi ya Wayahudi kwa Shilo ni ya kale na yanastahili heshima. Kisichostahili ni kuyageuza kuwa hati ya kumwondoa jirani. Na kipimo hicho kinamhukumu mwanafunzi naye, kwa sababu akikitazama kijiji kama jumba la makumbusho la ukoo wake, pa kupiga picha na kulia, atakuwa na nasaba isiyo na mizizi.

Hatari haibadilishi hukumu hii. Tarehe 21 Juni 2023, kiangazi kikiwa kimeanza, mamia ya walowezi waliivamia Turmus Ayya, wakachoma nyumba na magari, na mkazi mmoja akauawa; na Julai 2025 kijana Mmarekani aliyekuwa akizuru jamaa zake aliuawa huko Sinjil, kwa kipigo cha walowezi kwa mujibu wa familia yake. Pasipoti, basi, si kinga. Lakini mateso hayamfanyi mtu kuwa na haki zaidi, na dini imekataza mtu kujitia katika maangamizi kwa mikono yake, kwa hiyo mwanafunzi anayeitafuta hatari ili astahili kuitwa mwenyeji amekosea kuhusu hatari na kuhusu wenyeji.

Linalobaki ni ushuhuda, ambao wengi huutaja kuwa ndiyo faida ya ziara kama hii, lakini nao una masharti. Katika fikihi ya Shafi ushahidi wa mjukuu kwa manufaa ya babu yake haupokewi, kwa kuwa mapenzi ya damu huutia shaka, ilhali ushahidi wake dhidi ya babu hupokewa. Na An-Nisaa inaamuru uadilifu hata dhidi ya nafsi na wazazi. Kwa kanuni hii mjukuu ni shahidi dhaifu wa shamba la ukoo wake, na watakaomsikiliza Marekani watamwambia hivyo bila kuifahamu fikihi. Anayo hoja nyingine yenye nguvu zaidi, ambayo mafakihi huiita ikirari, yaani mtu kukiri juu ya nafsi yake, nayo haihitaji shahidi wa pili. Kwa mkataba wa mwaka 2016 nchi ambayo yeye ni raia wake iliahidi kuipa Israeli msaada wa kijeshi wa dola bilioni 38 kwa miaka 10 kuanzia 2019, na kodi yake na ya wazazi wake imo humo. Anaporejea chuoni anaweza kusema aliyoyaona kama mwana wa waliodhulumiwa, na huenda akahurumiwa. Au anaweza kuyasema kama mmoja wa wanaogharimia, na hapo hakuna anayeweza kumtuhumu kwa upendeleo. Ikirari humfunga aliyekiri peke yake, haimfungi jirani yake wala serikali yake, ila humfunga kikamilifu, hivi kwamba hawezi tena kuzungumzia kijiji kile kama msiba wa mbali, bali analazimika kumuuliza mwakilishi wake bungeni, na bodi ya chuo inayoamua mahali pa kuwekeza, fedha yake inafanya kazi gani huko.