Tajiri Kaondoka, Mizani Ipo Palepale

Siku ya soko la tumbaku wilayani Sikonge, mkoani Tabora, haina mbwembwe. Marobota yamepangwa mstari ndani ya ghala la chama cha msingi, na kando ya kila rundo kasimama mwenyewe, shati kalinyoosha kama anayekwenda kuposa. Mteuzi anapita. Anachomeka mkono kwenye robota, anachomoa majani mawili matatu, anayatazama kwenye mwanga, anayanusa, kisha anaandika daraja kwenye tiketi na kusogea mbele. Shughuli yenyewe ni ya muda mfupi. Mkulima aliyekesha siku kadhaa mlangoni pa bani, akichochea kuni na kuchungulia joto usiku wa manane ili jani likauke bila kuungua, ndipo anapojua kama mwaka huu atamaliza deni la pembejeo au litamfuata hadi msimu ujao.

Anayenunua amebadilika mara nyingi. Zilikuwapo kampuni za enzi ya Mwingereza, ukaja ushirika, ikaja Mamlaka ya Tumbaku, ukarudi ushirika, yakaja makampuni binafsi. Kila aliyeingia alisema amekuja kumkomboa mkulima kutoka kwa aliyemtangulia. Kalamu ya kuandika daraja haijawahi kuvukia upande wa mwenye robota.

Watu wa huku Unyamwezi hawakuanza jana kujua utajiri unakaa wapi. Enzi za misafara ya pembe za ndovu, Mnywa Sele, mtemi wa Unyanyembe, alijaribu kuwatoza kodi wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Wakamng'oa, wakamsimika Mkasiwa, naye akapigana kutoka porini mpaka akauawa mwaka 1865. Mtemi mwingine, Mirambo, alikwenda mbali zaidi: mwaka 1871 aliifunga njia ya misafara. Ugomvi wao ulikuwa juu ya nani asimame penye mlango wa kupitishia mali. Mpagazi aliyebeba mzigo begani hakuulizwa.

Tarehe 5 Februari 1967, aliyebeba mzigo alitajwa kwanza. Azimio la Arusha lilitangaza kwamba nchi ni ya wakulima na wafanyakazi, benki zikataifishwa, na viongozi wakawekewa miiko: marufuku kuwa na hisa kwenye kampuni, marufuku mishahara miwili, marufuku nyumba ya kupangisha. Watu waliandamana kwa furaha, na hawakuwa wajinga. Walikuwa wamemwona tajiri kwa macho.

Mwaka huohuo, East African Publishing House ya Nairobi ilitoa *Shamba la Wanyama*, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kitabu cha George Orwell. Wanyama wanamfukuza mwenye shamba, kisha nguruwe wanahamia kwenye nyumba yake. Kitabu kile kilihusu Urusi. Wasomaji wengi wa Kiswahili wamekisoma wakiwa na majirani zao kichwani.

Maana vichekesho havikuchelewa. Nyumba ya kupangisha ilikuwa haramu kwa kiongozi, basi ikaandikwa jina la shemeji. Wabenzi hawakuisha barabarani. Walibadilisha bendera ya mbele ya gari. Mwanzoni mwa 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, yafunguliwe ya ujamaa. Yale ya zamani yalifungwa upesi kuliko mapya yalivyofunguliwa, bidhaa zikaadimika, na Rais Nyerere mwenyewe akalazimika kuisimamisha.

Mei mwaka huo ikafika zamu ya vyama vya ushirika. Malalamiko dhidi yao yalikuwa ya kweli, kwani tume ya Rais ilishayachunguza mwaka 1966 na kukuta wizi, upendeleo na makarani wengi kuliko kazi. Lakini dawa iliyotolewa ilikuwa kuwaondolea wakulima hata ile kura ya kumfukuza karani mwizi. Vyama vikuu vikavunjwa, ununuzi wa mazao ukakabidhiwa mashirika na mamlaka za serikali. Mchumi Frank Ellis alipopiga hesabu, aligundua kwamba sehemu iliyomfikia mkulima katika mauzo ya mazao ya nje ilishuka kutoka karibu theluthi mbili mwaka 1970 hadi karibu asilimia 42 mwaka 1980. Dola iliyoapa kuondoa unyonyaji ilikuwa inamwachia mkulima kipande kidogo kuliko alichopata muongo ulipoanza.

Na mkulima huyo alikuwa ameshahamishwa. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi kijijini si hiari tena, ni amri, na mwisho ni 1976. Huku magharibi wazee walikuwa na kumbukumbu ya kukusanywa kwingine: miaka ya 1920 na 1930 Waingereza waliwahamishia watu kwenye makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Safari hii hapakuwa na mbung'o wa kusingiziwa. Nyumba zilipangwa kwa mstari, na mfuga nyuki mwenye mizinga ndani ya miyombo akajikuta kasogezwa mbali na asali yake kwa faida yake mwenyewe. Euphrase Kezilahabi aliwaandikia watu wa vijiji hivyo *Gamba la Nyoka* mwaka 1979. Tamthilia yake *Kaptula la Marx*, inayomcheka rais aliyevaa kaptula kubwa kuliko kiuno chake, ilikuja kuchapishwa mwaka 1999.

Haki itendeke: miaka ileile ilileta shule, zahanati na kisomo cha watu wazima, na mtoto wa mkulima wa Sikonge aliingia darasa asiloliota baba yake. Tena Nyerere hakuwa mtu wa kuficha. Mwaka 1977, akipima miaka kumi ya Azimio, aliandika kwamba nchi haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea, na baadaye alikiri kwamba kuvunja ushirika lilikuwa kosa. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya 1982. Mwaka uliofuata, rafu zikiwa tupu, Waziri Mkuu Edward Sokoine akaongoza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Walikamatwa zaidi ya elfu moja. Uhaba uliowazaa walanguzi haukukamatwa.

Februari 1991, kikao cha chama tawala, CCM, kilichokaa Zanzibar kililegeza miiko ya uongozi. Hisa ruksa, nyumba ya kupangisha ruksa. Majina ya mashemeji yakapumzika.

Sasa tumbaku ya Sikonge inauzwa chini ya makampuni, bodi na chama kikuu, na mkulima akicheleweshewa malipo anaambiwa avumilie taratibu. Bado ana kikao kimoja kilicho chake kisheria, mkutano mkuu wa chama cha msingi. Ajenda hubandikwa mapema: kufungua, kusoma muhtasari, taarifa ya bodi, makisio ya msimu ujao, maneno ya mgeni rasmi. Swali la nani alipima, nani aliandika daraja na makato yalikwenda wapi linasukumwa kwenye "Mengineyo", saa tisa alasiri, mwenyekiti akitazama saa na nusu ya wanachama wakiwa wameshapanda baiskeli kurudi kwao.