Mrudishie Kwanza Upinde Wake

Achilles na kisigino chake anajulikana na kila mtu. Philoctetes hatajwi sana, lakini ndiye ninayemkumbuka kila nikisikia mtu akiambiwa, "Samehe tu, yaishe."

Wagiriki walikuwa njiani kwenda vitani Troy alipoumwa na nyoka mguuni. Kidonda kilikataa kupona. Kilinuka, na maumivu yakimpanda alipiga mayowe hadi wenzake wakashindwa kutoa sadaka zao. Basi wakamwacha kisiwani Lemnos, akiwa usingizini, na matambara na chakula kidogo. Akaishi pangoni karibu miaka 10, akila ndege aliowalenga kwa upinde aliorithi kwa Heracles.

Halafu mambo yakageuka. Helenus, mtabiri wa Troy aliyetekwa, akawaambia Wagiriki kwamba mji hautaanguka bila Philoctetes na upinde ule. Yule waliyemtupa kwa sababu ya harufu, sasa wanamtaka.

Sophocles aliandika tamthilia kuhusu siku waliyomrudia. Ilichezwa Athens mwaka wa 409 KK, mwandishi akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80. Anayekuja ni Odysseus, yuleyule aliyemwacha pale. Haji kuomba radhi. Anajificha, na kumtuma Neoptolemus, mwana wa Achilles, amdanganye kwamba atampeleka kwao. Na tusimcheke Odysseus: vita vimemaliza watu. Uongo wa siku moja una ubaya gani ukivikomesha?

Kijana anakubali. Maumivu yanampanda Philoctetes, naye anampa kijana upinde amshikie mpaka azinduke. Kazi imekwisha. Lakini Neoptolemus ameyasikia yale mayowe kwa masikio yake, na roho inamsuta. Anasema ukweli, halafu anaurudisha upinde, Odysseus akiwaka kwa hasira. Ndipo anamsihi: twende Troy, huko utatibiwa. Philoctetes anakataa.

Je, ana haki ya kukataa? Rafiki zangu wengi husema hana. Wanaokufa Troy si wote waliomtupa, na tiba yenyewe iko huko. Kushikilia kinyongo mpaka kikuoze mguu ni ujinga, wanasema. Kusema kweli, hoja hiyo siwezi kuibomoa.

Lakini mimi nimewahi kutumwa Lemnos. Nilikuwa na miaka 23. Familia ilitaka kuuza shamba la babu, na sahihi ya baba mdogo ilikuwa imebaki. Alipougua, hakuna aliyekanyaga kwake, mimi nikiwemo. "Nenda wewe, wewe anakupenda," nikaambiwa. Nikabeba sukari, unga na maneno matamu ya undugu. Bei sikuitaja. Alitia sahihi, akanishukuru kwa kumkumbuka. Kwenye matatu nilisifiwa kwa simu njia nzima.

Labda hata angejua kila kitu angesaini. Hapo ndipo panaponiuma: sikumpa nafasi ya kukataa. Ndiyo maana naona tendo kubwa katika kisa hiki ni la Neoptolemus. Huwezi kumwomba mtu akusamehe huku umeshika upinde wake. Mrudishie kwanza, awe na uwezo wa kukufukuza, au hata kukulenga mshale. Hapo ukiomba, unaomba kweli. Akikataa, hasara ni yako, na pengine ya wengi, lakini deni lilianza siku mlipong'oa nanga na kumwacha amelala.

Mwishowe Heracles, ambaye sasa ni mungu, anatokea na kumwamuru Philoctetes aende. Anakwenda, anapona, na mshale wake unamuua Paris. Kuna wanaosema Sophocles alikwama akaokolewa na mungu. Mimi nadhani aliwajua watu vizuri. Tamthilia nzima, Odysseus hatamki neno pole hata mara moja. Kama aliyekosa hataki kusema, nani mwingine angeweza kumwinua yule mzee kutoka pangoni?

Shamba la babu sasa lina ukuta wa mawe. Siwezi kulirudisha. Lakini baba mdogo yuko hai, na Jumapili nitakwenda kumwambia bei ilikuwa ngapi na mimi nilipata ngapi. Safari hii sina karatasi ya kutiwa sahihi. Akinifukuza, nitaondoka.