Mja Mzito na Dawa: Je, Kuacha Kujitibu ni Kumhurumia Mtoto?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Wako waja wazito ambao, wapatapo homa au maumivu ya mkojo, na daktari akawaandikia antibayotiki, yaani dawa ya kuua vidudu vya maradhi, huichukua hata nyumbani kisha wakaificha uvunguni. Husema: "Heri niumwe mimi, mwanangu asidhurike." Na watu huwasifu kwa maneno hayo, baadhi yao huyaita huruma, na wengine huyaita tawakali. Basi yapasa yatazamwe.

Maradhi ya mama hayakomei kwa mama. Vidudu vya mkojo visipotibiwa huweza kupanda hata kwenye figo, vikaleta homa kali, na huenda mtoto akazaliwa kabla ya siku zake. Kaswende hupita katika kondo la nyuma ikamfikia mtoto, akafa tumboni au akazaliwa nayo. Na dawa yake kwa mja mzito ni penisilini, wala haikuthibiti nyingine ya kuwatibu mama na mtoto pamoja. Anayeikataa sindano ile kwa kumhurumia mtoto amemfungia ndani pamoja na adui yake.

Ama tawakali, huenda mtu akahoji kuwa Imam Nawawi ametaja ya kwamba kujitibu ni sunna, na mgonjwa aachaye dawa kwa tawakali amefanya la fadhila. Ni kweli ametaja. Lakini mgonjwa yule huacha lililo haki ya nafsi yake. Mja mzito anayo nafsi ya pili mwilini mwake, nayo haikutawakali wala haikuulizwa. Mtu hutoa sadaka katika mali yake, hatoi katika amana ya mwenziwe.

Na wanavyuoni wa Kishafii waliliona jambo hili karne nyingi kabla Alexander Fleming hajaigundua penisilini huko London mwaka 1928. Khatib Shirbini amenakili kwa Zarkashi kuwa mja mzito akishikwa na dharura ya kunywa dawa, kisha mimba ikatoka kwa sababu yake, yaelekea hana dhamana. Na amenakili kwa Mawardi kuwa mwenye kuchelea kuharibu mimba, kisha akafunga hata kama ni Ramadhani, mimba ikatoka, yeye ni mdhamini. Tazama mizani hii! Funga, nayo ni nguzo ya dini, haikuwa udhuru kwake. Na dawa ya dharura ikawa udhuru.

Lakini neno lililobeba hukumu hapo ni dharura, wala si kila kikohozi ni dharura. Mafua huletwa na virusi, na dawa hizi haziviui hata kidogo. Tena dawa zenyewe si namna moja. Penisilini na jamaa zake, kama amoksilini, zimetumiwa na waja wazito miaka mingi, na matabibu huziona ni salama kwa yule ambaye mwili wake hauzikatai. Lakini tetrasaiklini na doksisaiklini, mimba ipitapo mwezi wa nne, huweza kuingia katika mifupa na meno ya mtoto, yakaja kuota na rangi ya manjano. Streptomaisini yaweza kumtia uziwi. Nyingine huogopwa miezi mitatu ya mwanzo, nyingine siku za karibu na kuzaa. Basi yule anunuaye vidonge vya rangi mbili dukani kwa kuelekezwa na jirani, au akamalizia vilivyosazwa na mumewe, hakushika dharura wala elimu. Na muuzaji amwuziaye bila ya kumwuliza kama ana mimba, na ya miezi mingapi, ajue kuwa sharia imemtwisha dhamana anayejitia utabibu asioujua. Rejeo la mja mzito ni tabibu mjuzi mwaminifu, kama wanavyuoni walivyomwelekeza kwake mgonjwa katika tayamamu. Amweleze mimba yake, na akiandikiwa dawa aimalize kama alivyoambiwa, asiikatize siku ya pili kwa kuona nafuu.

Limebaki la waume. Wako wasemao kuwa bei ya dawa haimo katika nafaka ya mke, nao wamelitoa neno hilo vitabuni kweli, na wengi wao hawajui kitabuni jingine ila hilo! Lakini watazame ukurasa wa nafaka ya jamaa, ambapo dawa ya mtoto asiye na mali ni juu ya babake. Na huyu anayetibiwa kwa mdomo wa mamake ni mtoto wa nani? Fedha ya kupimwa mkojo haifiki bei ya kitambaa cha arubaini ya mtoto. Wallahu aalam.