Mwendo wa Watoto na Mifugo

Soma kwa Ajili ya Somo Hili: Mwa. 32:22–32, 33:12–17, 1 Fal. 19:1–9, Flp. 2:25–30, 2 Kor. 12:7–10.

Mfikirie shemasi mmoja wa kike katika kanisa la kawaida tu, lenye paa la mabati na mabenchi ya mbao. Vali ya moyo wake iliharibika kutokana na ugonjwa ulioanzia kwenye maambukizi ya koo utotoni, kama ilivyo kwa wagonjwa wengi wa moyo Afrika Mashariki. Kanisa lilifunga na kuomba, likachangisha fedha, na usiku wa kuamkia upasuaji wapo waliokesha. Akapona. Sabato aliyorudi kanisani alipewa dakika tano za ushuhuda, na kanisa zima likasema Amina.

Hilo lilikuwa juma la sita. Juma la kumi na moja hayupo. Hajarudi nyuma kiimani, amechoka. Kifua kinamuuma anapogeuka kitandani, na akitaka kukohoa hukumbatia mto kwanza. Akienda sokoni asubuhi, mchana wote hawezi kitu. Sabato mbili zilizopita alijaribu kusimama na kwaya, akaketi katikati ya wimbo, na mshiriki mmoja akamwambia kwa nia njema kabisa, “Mama, si ulishapona? Usimpunguzie Mungu utukufu wake.” Tangu siku hiyo anakaa nyumbani. Sasa ana ugonjwa wa pili, nao ni aibu, na kwa huo hakuna daktari aliyemwandikia dawa.

Je, shemasi huyu aliponywa au hakuponywa?

Kabla ya kujibu ni vizuri darasa lijue kilichofanyika ndani ya kifua chake, maana maneno mengi ya kuumiza hutoka kwa watu wasiojua. Katika upasuaji wa namna hii mfupa wa kidari hukatwa kwa msumeno kutoka juu hadi chini. Moyo husimamishwa, na kazi yake hufanywa kwa muda na mashine ya moyo na mapafu, ile ambayo daktari John Gibbon aliitumia kwa mafanikio kwa mara ya kwanza huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1953. Kazi ikiisha, moyo huamshwa na mfupa hufungwa kwa nyaya za chuma. Waadventista wana sehemu yao katika historia hii. Mwaka 1963 madaktari Ellsworth Wareham na Joan Coggin wa Loma Linda walianza kusafiri na timu yao ya upasuaji wa moyo kwenda nchi nyingine, wakianzia Pakistan. Siku hizi mgonjwa wa Tanzania anaweza kufanyiwa upasuaji huu Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Mfupa uliokatwa hivyo huhitaji kama majuma 6 hadi 12 kushikana vizuri. Ndiyo maana mgonjwa hukatazwa kwa muda kuinua ndoo ya maji, kusukuma kitu kizito, hata kumbeba mjukuu. Mishipa ya fahamu iliyoguswa hupona taratibu zaidi kuliko mfupa, na ganzi au kuchomachoma huweza kuendelea kwa miezi mingi. Usingizi huvurugika, chakula hakina ladha, damu inaweza kuwa imepungua, na mwili unatumia nguvu zake kujijenga. Wengi hupata huzuni nzito katika majuma ya kwanza, wakalia bila kujua wanacholilia. Kwa watu wengi nguvu hurudi kidogo kidogo katika miezi 3 hadi 6, na wapo wanaochelewa kuliko hapo. Kovu la nje hudanganya: linafunga mapema, na watazamaji hudhani ndani nako kumefunga.

Soma Mwanzo 32:24–31, kisha 33:12–14. Yakobo anampa Esau sababu gani za kwenda polepole? Ni sababu gani ambayo hakuitaja?

Usiku mmoja Yakobo alipokea vitu viwili kutoka kwa mkono uleule. Alibarikiwa na kupewa jina jipya, na uvungu wa paja lake ukateguka. Jua lilipochomoza alikuwa Israeli, naye alikuwa anachechemea. Mwandishi wa Mwanzo haoni ugumu wowote kuyaweka mambo hayo mawili katika sentensi zinazofuatana. Hasemi kwamba baraka ilipungua kwa sababu ya kuchechemea, wala hasemi kwamba kuchechemea kulikwisha baada ya siku kadhaa.

Kisha Esau, mtu wa nyika mwenye watu mia nne, anasema: twende pamoja, nitakutangulia. Yakobo anakataa kwa heshima, akimwita ndugu yake bwana wangu. Watoto ni wachanga, anasema. Kondoo na ng'ombe wananyonyesha, na wakikimbizwa hata siku moja kundi lote litakufa. Yeye atakwenda polepole, kwa kadiri ya mwendo wa mifugo na mwendo wa watoto. Wapo wanaoona ujanja wa zamani wa Yakobo katika jibu hili, kwa kuwa habari haisemi kwamba alimfuata Esau hadi Seiri, na huenda wana haki. Lakini hoja yenyewe ni ya mchungaji anayejua kazi yake. Na mtu huyu anayewasemea watoto na kondoo ndiye anayechechemea. Paja lake halitaji. Pengine aliona haya mbele ya ndugu yake mwenye nguvu, kama shemasi wetu anavyoona haya mbele ya kwaya.

Tazama alikofika: Sukothi. Huko alijenga nyumba, na vibanda kwa ajili ya mifugo. Hakuna aliyemkemea kwa kusimama njiani.

Soma 1 Wafalme 19:4–8. Malaika alimfanyia nini Eliya, na mara ngapi?

Eliya alikuwa ametoka Karmeli, ambako moto ulishuka. Muda mfupi baadaye yuko chini ya mti jangwani, anaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akaja mara ya pili na chakula kilekile. Sababu aliyoitoa ni kwamba safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Swali kuhusu anachofanya hapo lilikuja baadaye kabisa, mlimani, baada ya kulala na kula. Wageni wa mgonjwa mara nyingi hugeuza mpangilio huu: maswali kwanza, na chakula anapika mgonjwa mwenyewe.

Historia ya kanisa ina mfano ulio karibu zaidi. Ellen White alifika Australia Desemba 1891, na muda mfupi baadaye akashikwa na maumivu makali ya viungo yaliyodumu miezi kama kumi na mmoja. Mwaka 1892, huko Melbourne, aliwaita ndugu wamwombee na kumpaka mafuta kama Yakobo 5 inavyoelekeza. Hakupona siku hiyo, wala juma lile. Aliungama kwamba mwanzoni alijuta kuvuka bahari. Hata hivyo, mkono wake wa kulia uliweza kushika kalamu, na akiwa ameegemezwa kwa mito aliendelea kuandika, zikiwamo kurasa juu ya maisha ya Kristo. Si kila mgonjwa anaweza hilo, na mfano huu usigeuzwe fimbo ya kumpigia mtu asiyeweza hata kusoma aya mbili bila kuchoka. Unaonyesha jambo jingine: kupakwa mafuta, maumivu yanayoendelea na imani vilikaa katika chumba kimoja kwa karibu mwaka mzima.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Paulo na mwiba wake. Epafrodito naye aliugua karibu na kufa, na Paulo alipomrudisha Filipi hakuandika orodha ya kazi zinazomngoja. Aliwaagiza wampokee kwa furaha yote na kumheshimu.

Lipo neno la tahadhari ambalo viongozi wa makanisa hawana budi kulisema wazi. Mtu aliyewekewa vali ya chuma hutumia dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Akiiacha kwa sababu ameombewa, anajiweka katika hatari ya kiharusi. Dawa ya warfarini huathiriwa hata na mboga za majani. Asizikatae, ila ale kiasi kinacholingana siku hadi siku, na apime damu kila anapoitwa. Homa, jeraha linalotoa maji, mfupa wa kidari unaolia anapogeuka, miguu inayovimba ghafla au kukosa pumzi anapolala si mambo ya kuvumilia nyumbani akingoja maombi ya Jumatano. Apelekwe hospitali, na maombi yafanyike njiani.

Na Sabato yenyewe? Imetolewa kama pumziko, lakini katika makanisa mengi ndiyo siku ndefu kuliko zote: darasa asubuhi, ibada kuu, chakula, mazoezi ya kwaya, kikao. Mtu wa juma la kumi na moja hawezi saa nane za benchi la mbao. Anaweza nusu saa. Darasa linaweza kumfuata nyumbani na somo hili, watu watatu wala si ishirini, wakaondoka kabla hajaanza kuhangaika na chai ya wageni. Mmoja achote maji. Mwingine atembee naye hadi kona ya barabara na kurudi, kwa sababu madaktari wanataka atembee, kidogo leo na zaidi kidogo kesho, na ni rahisi kutembea ukiwa na mwenzako asiyekuharakisha.

Maswali ya Kujadili

1. Kanisa linaposikia ushuhuda wa uponyaji, huwa linategemea nini juma linalofuata? Matarajio hayo yametoka katika Maandiko au mahali pengine?

2. Yakobo angeandamana na Esau ili asimvunjie heshima, nini kingeipata familia yake? Toeni mifano ya mambo ambayo mgonjwa hukubali kuyafanya kwa kuona haya tu.

3. Mwenye maumivu amwambie nini mtu anayemuuliza, “Si ulishapona?” Jaribuni kutunga jibu la kweli lisilo na uchungu.

4. Katika eneo la kanisa lenu, ni nani aliyefanyiwa upasuaji mwaka huu na ambaye hajaonekana Sabato mbili? Nani atakwenda, siku gani, na atabeba nini mkononi?