Lugha Isiyo na Mwenyewe

Ludwik Zamenhof, daktari wa macho aliyezaliwa mwaka 1859 katika mji wa Białystok, ambao wakati huo ulikuwa chini ya dola ya Urusi, alikulia kati ya Warusi, Wapolandi, Wajerumani na Wayahudi wasiopatana, akaamini kwamba chuki yao ililelewa hasa na tofauti ya lugha. Kiesperanto, alichokitangaza mwaka 1887 kwa kijitabu kilichochapwa Warsaw, kilikuwa jibu lake. Na mwaka 1906 akakiongezea mafundisho ya kidini na kimaadili aliyoyaita Homaranismo, yanayomtaka kila mtu amhesabu mwanadamu mwenzake kuwa wa jamaa moja naye, huku akibaki na imani na lugha ya nyumbani kwake. Kwa hiyo sarufi ya lugha hii ilibeba dai la kifalsafa, kwamba kanuni zisizompendelea mtu zinaweza kuzaa watu wasiobaguana.

Kanuni zenyewe, zilizopangwa chini ya vifungu 16, si nzito. Nomino huishia kwa -o na kivumishi kwa -a, na wingi huonyeshwa kwa -j inayotamkwa kama y. Kitenzi hakibadiliki kwa kufuata mtendaji, na wakati huwekwa mwishoni mwake, -as kwa uliopo, -is kwa uliopita na -os kwa ujao, kazi ambayo Kiswahili huifanya kwa -na-, -li- na -ta- kabla ya mzizi. Mwanafunzi aliyelelewa katika Kiingereza hufurahi kuona kwamba hakuna vitenzi vikaidi, kisha hukwama mahali pawili: kivumishi kinapodai kuifuata nomino katika wingi, kama katika *bonaj libroj*, yaani vitabu vizuri, na katika -n ya yambwa, yaani ya yule anayetendwa. Kiingereza humtambua aliyeng'atwa kwa nafasi yake katika sentensi, ilhali *la hundo mordis la infanon* na *la infanon mordis la hundo* zote husema kwamba mbwa alimng'ata mtoto, kwa kuwa -n ndiyo inayomwonyesha mtoto popote atakapowekwa. Msemaji wa Kihangaza au Kishubi, lugha za Kibantu za wilaya ya Ngara nchini Tanzania, hashangazwi na upatanisho, maana ameunyonya katika ngeli. Kinachomlemea ni mizizi, ambayo kwa sehemu kubwa ilichukuliwa Ulaya, hivi kwamba Mwingereza hulielewa neno *familio* kabla ya kufundishwa. Haki ya Kiesperanto basi ina kasoro, na nyingine imo ndani ya muundo wenyewe, kwani mama, *patrino*, ameundwa kwa kumbandika baba, *patro*, kiambishi cha jinsia ya kike, jambo ambalo mtu wa ngeli, ambazo hazigawi mume na mke, ana sababu ya kulihoji.

Kasoro hizo ni ndogo zikilinganishwa na mtihani ambao dai la Zamenhof linaupata Rusumo, penye daraja la mto Kagera kati ya Ngara na Rwanda. Mwaka 1994 Wahutu na Watutsi walizungumza Kinyarwanda kile kile, wala hapakuwa na ukuta wowote wa sarufi baina yao; hata hivyo Watutsi waliuawa kwa mamia ya maelfu, maiti zikachukuliwa na maji ya Kagera, na redio iliyochochea mauaji ilifanikiwa kwa sababu kila aliyeisikia aliielewa. Mwishoni mwa Aprili wakimbizi wapatao 250,000, wengi wao Wahutu waliokimbia jeshi la waasi wa RPF lililokuwa likisonga mbele, walivuka daraja hilo katika muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco. Hapo nadharia iliyozaliwa Białystok inashindwa, na kuitetea kwa kusema kwamba Zamenhof alifariki mwaka 1917 ni kukwepa hoja.

Hata hivyo, dai likianguka kama nadharia ya amani, laweza kusimama kama nadharia ya haki, na huenda hapo ndipo lilipostahili kuwekwa tangu mwanzo. Palipo na lugha ya taifa moja, mwenye lugha husema kwa raha na mgeni kwa jasho, na kila kosa la mgeni huhukumiwa na mwenye lugha. Zamenhof alilijua hilo, ndiyo maana aliacha haki zake za umiliki tangu mwanzo, na kitabu cha *Fundamento* cha mwaka 1905 kikawekwa kuwa msingi ambao hata yeye hakuruhusiwa kuubadili. Katika forodha ya Rusumo nafasi inayofanana na hiyo imeshikwa na Kiswahili, ambacho si lugha ya nyumbani ya Mhangaza wala ya Mnyarwanda, na ambacho Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Lakini Kiswahili kina wenyewe: kamati iliyoundwa mwaka 1930 ilikisanifu juu ya lahaja ya Unguja, na dereva wa lori kutoka Kigali anayekosea ngeli bado yupo wa kumcheka. Kongamano la dunia la Waesperanto lilipofanyika Arusha mwezi Agosti 2024, kwa mara ya kwanza barani Afrika, mgeni wa London aliyeisahau -n hakuwa na cheo chochote juu ya mwenyeji aliyeikumbuka.