WALINZI WAKIPATANA, NANI ATALINDA?

Katika darsa yetu liliulizwa suali ambalo hatukulipatia jawabu usiku ule, nasi twaona yafaa kuliweka mbele ya wasomaji wetu. Suali lenyewe ni hili: Amana ikiwekwa chini ya watu wengi ili kila mmoja amchunge mwenziwe, kisha watu hao wakala njama pamoja, je, uko utaratibu wowote wa akili ya binadamu utakaotuokoa? Na kama haupo, ya nini basi kujitaabisha kwa kufuli, sahihi na mashahidi?

Tuanze kwa mfano. Wala hatuutoi hapa pwani, asije mmoja wetu akadhani twamsema jirani yake. Twende hadi Iguhu, katika Kakamega, upande wa Ikolomani. Watu wa huko na watu wa Mombasa wana jambo moja la kukumbuka pamoja: tarehe 9 Agosti 2022, Wakenya walipopiga kura, Kakamega na Mombasa hazikuchagua gavana, kwa kuwa karatasi za kura zilichapwa kwa makosa, zikangojwa nyingine hadi 29 Agosti. Hilo lilikuwa kosa lililoonekana na kila mwenye macho. Sisi twataka kusema juu ya lile lisiloonekana.

Tufikiri chumba cha darasa huko Iguhu, usiku, kura zahesabiwa. Kituo kimoja hakikuzidi wapiga kura 700. Wamo msimamizi na makarani wake, na mawakala wa vyama. Hesabu ikisha huandikwa katika Fomu 34A, mawakala hutia sahihi, nakala hubandikwa mlangoni, na picha yake hupelekwa Nairobi kwa mashine. Ili habari kama hiyo isigeuzwe njiani, iko elimu iitwayo kriptografia, yaani elimu ya maandishi ya siri. Elimu ambayo al-Kindi wa Baghdad aliiandikia risala katika karne ya 9. Elimu hii ina nguvu kubwa, lakini muhuri huilinda barua njiani tu. Haumjui mwandishi kama ni mkweli au ni mwongo. Lau wote waliomo chumbani wamepatana kuandika 600 mahali pa 400, uwongo wao utafika Nairobi salama salimini, haukuguswa na mtu.

Hatusemi kwamba hayo yalitokea Iguhu. Ila yaliyotokea katika nchi twayajua. Baada ya uchaguzi wa 2007, ambao ulifuatiwa na fujo zilizoua watu zaidi ya 1,000, tume ya Jaji Kriegler ilitoa taarifa yake mwaka 2008, ikaeleza kuwa kununua kura, vitisho na kujaza masanduku vilifanywa na pande zote mbili. Na mahali pa hatari zaidi ni katika ngome ya chama, kwa sababu huko hakuna mpinzani wa kutazama: chumba kimejaa watu, lakini nia yao ni moja. Kumi wenye nia moja si mashahidi kumi, bali ni shahidi mmoja.

Wataalamu wa kriptografia wamelishughulikia jambo hili kwa hesabu. Mwaka 1979 Adi Shamir alionyesha njia ya kuigawa siri kwa watu watano, kwa mfano, hata watatu wowote wakikutana waweze kuifungua, na wawili wasijue lolote. Ni hila njema. Lakini watatu wakifanya khiyana, imekwisha. Na ukisema lazima wakutane wote watano, basi akifa mmoja siri imezikwa naye. Mwaka 1982 Lamport, Shostak na Pease walithibitisha kuwa watu wanaopashana habari kwa mdomo tu, akiwamo mwongo mmoja, hawawezi kuwa na hakika ya kupatana juu ya jambo illa wawe wanne au zaidi, watatu hawatoshi. Naye David Chaum, mwaka 1981, alieleza namna ya kupitisha barua zilizofungwa mikononi mwa watu kadhaa, kila mmoja akizichanganya kabla ya kumpa mwenziwe, hata isijulikane ipi ni ya nani. Hapo akiwapo mmoja tu aliyechanganya kwa uaminifu na akaihifadhi siri yake, wote waliobaki wakila njama hawatajua kitu.

Msomaji, litazame jambo hili vizuri, kwani ndani yake mna jawabu letu. Wataalamu hawa walianza kwa kumdhania kila mtu ubaya, wakatafuta utaratibu usiohitaji uaminifu. Wakaweza kuipunguza idadi ya waaminifu wanaohitajika: kutoka wote hadi wengi, kutoka wengi hadi mmoja. Lakini katika kulinda siri iliyomo mikononi mwa watu, mmoja huyo hawakuweza kumwondoa.

Basi utaratibu una kazi mbili. Kwanza, huwachagua walinzi wenye maslaha mbalimbali, ili kupatana kwao kuwe kuzito. Pili, hulitoa jambo chumbani likaonekana na wasiokuwamo. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliufuta uchaguzi wa urais, na moja katika sababu ni namna matokeo yalivyopelekwa bila ya uwazi. Mwaka 2022 Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 zikawekwa hadharani, kila atakaye ajumlishe mwenyewe. Makamishna wanne katika saba walijitenga na matokeo. Lakini karatasi zilikuwa zimekwisha kuonekana na umma, na Mahakama ikayathibitisha matokeo tarehe 5 Septemba. Nakala iliyobandikwa mlangoni huko Iguhu ina kazi hiyo hiyo: ikipigwa picha na mpita njia, haigeuziki tena kwa siri.

Lakini aliyomo chumbani ni nani? Mara nyingi ni kijana aliyelipwa ujira wa siku, amechoka, ana njaa, naye aambiwa, "Tia sahihi, wenzako wote wametia." Atasema moyoni: mimi ni mmoja, nitageuza nini? Sisi twamjibu kuwa utaratibu wote umejengwa juu ya mmoja huyo. Akikataa yeye, njama imevunjika. Akikubali, kufuli zote za Nairobi zitaulinda uwongo wake. Dini yetu imetuamuru tuandike madeni na tuweke mashahidi, wala haikutosheka na karatasi: imemtaka mwandishi aandike kwa haki, na shahidi asikatae aitwapo.

Wala dhamana haimwishii yeye. Kijana yule atakaporudi kwake alfajiri, akaambiwa na jamaa zake kuwa amewasaliti watu wake kwa kuukataa uwongo wao, basi sisi ndio tuliokula njama, ingawa hatukuingia chumbani. Mji usiomhifadhi mkweli wake mmoja usishangae siku atakapokosekana. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kumsaidia, na siku ikitufikia sisi, atuthubutishe.